Yeye alikuwa na baba

"Yeye alikuwa na baba, mama mdogo."

Ni hayo tu aliyoyasema mtoto wetu, Jumanne jioni, na leo Jumapili bado yananizunguka kichwani. Harusi ya Likasi imepita salama, kazini tumepata daktari mpya, na kaka amepata ile nafasi ya Kolwezi tuliyoiombea tangu mwaka jana. Ningeandika hayo, lakini kila nikishika simu niandike narudi jikoni: mimi nachambua sombe, yeye kainama anafungua kamba za viatu. Kiatu cha kulia kimeachama mbele, kakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Alikuwa ameachwa nje ya timu ya kikapu ya Jumamosi, nami nikaanza habari za Bismack Biyombo, yule mcheza kikapu. Mnajua nyumba hii, jina hilo halipiti siku bila kutajwa. Kazaliwa hapahapa Lubumbashi, mwaka 1992. Akiwa na miaka 16 akaenda mashindano ya vijana Yemeni, kocha mmoja Mreno akamwona, na mwisho akafika Fuenlabrada, Uhispania. Aprili 2011, kule Portland, timu ya vijana wa dunia ilipokutana na Wamarekani, alifunga pointi 12, akadaka ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Katika historia ya mechi hiyo hakuna aliyewahi kufikisha kumi katika yote matatu kabla yake. Juni mwaka huohuo akachaguliwa wa 7 kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Nilimwaga yote kwa mkupuo mmoja, kwa furaha kabisa, nikamalizia: "Na ni mtoto wa mji huu, kama wewe."

Ndipo akasema vile. Hakukasirika. Hata macho hakuinua. Nikamwambia anawe mikono, bukari iko tayari.

Jibu nilikuwa nalo, ndiyo maana linaniuma. Mzee François Biyombo alifariki mwaka 2021. Mwanawe akakaa nje ya uwanja, akarudi Januari 2022 na Phoenix Suns, na mshahara wake wa msimu ule akautoa wote ijengwe hospitali huku kwetu Kongo kwa heshima ya baba yake. Nyie mnajua kazi yangu, mnajua nimewarudisha wangapi mlangoni kwa kukosa kitanda. Niliposoma habari ile nililia kwenye zamu. Mtu ambaye mwaka 2016 alitia saini mkataba wa dola milioni 72 na Orlando, na baba bado akamponyoka.

Ila ningemwambia nini mtoto? Kwamba hata yule sasa hana? Hiyo si faraja. Yule alizika baba akiwa mtu mzima, baba aliyemwona akipanda. Huyu wetu alikuwa na miaka minne shemeji alipotutoka; anachokumbuka ni koti la kazi la bluu na mfuko wake wa kifuani uliokuwa na pipi. Nikanyamaza, na bado naona nilifanya vema.

Jana akaingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hajakaa hata kidogo, ananiuliza:

"Alienda Yemeni na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Mimi nazitimiza mwezi wa tisa."

Kisha akala, akaongeza, akaomba na ukoko. Jamani, nilifurahi! Nilimpa mkia wa samaki niliomwekea mume wangu. Nikaimba nikiosha sahani, mpaka nilipoelewa kwamba mtoto anahesabu siku za kuondoka. Nani atamsindikiza? Pasipoti peke yake ni pesa ya miezi mingapi? Nami ndiye niliyemfungulia mlango huo, na sitaki kuufunga.

Kambo, mzee wetu, hapokei simu tangu tulipomwacha Likasi. Alikuwa na kikohozi kidogo siku ya harusi, akasema ni baridi tu. Jirani yake anasema mlango haujafunguliwa leo. Najaribu tena saa tatu, na kesho asubuhi nina zamu.