Deni la Damu kwa Wanuer

Kila ninaposoma habari za Wanuer wa Sudani Kusini, hurudi kwenye swali moja: kwa nini mtu akiua, ukoo mzima uingie hatiani? Mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard, aliyechapisha utafiti wake juu yao mwaka 1940, alieleza kwamba muuaji hukimbilia nyumbani kwa mzee wa ngozi ya chui, yaani msuluhishi wa kimila, ambaye humchanja mkono ili damu itoke, na kabla ya kuchanjwa hapaswi kula wala kunywa chochote. Humo ndani ni salama, ingawa ndugu wa marehemu huweza kumvizia nje wakiwa na mikuki.

Baada ya majuma kadhaa, hasira zikianza kupoa, mzee huyo husimamia mazungumzo ya fidia, ambayo kwa kawaida ilikuwa ng'ombe wapatao 40. Mtu mmoja hawezi kuzitoa mali hizo peke yake, hivyo jamaa zake huchangia, na kwa sababu hiyo kila mmoja wao ana haja ya kumzuia kijana mkorofi.

Kinachonigusa zaidi ni matumizi ya ng'ombe hao: baadhi yao hutolewa kama mahari ya mke atakayeolewa kwa jina la marehemu, ili watoto atakaowazaa wahesabiwe kuwa wa marehemu. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba asiye na kosa auawe kwa kuwa tu ni ndugu wa muuaji, na fidia ikichelewa, hatari hiyo humwandama kila mwanamume wa ukoo ule.