Jinsi tulivyonyamazisha mluzi wa maiki

Bendi yetu ya roki hapa Nairobi ilianza kwa kufukuza watu. Kila tukipiga baa, spika zinalia mluzi, gitaa linameza sauti ya mwimbaji, na mwenye baa anatulipa soda. Tukalaumu maiki ya bei rahisi, tukachanga, tukanunua nyingine. Mluzi ukabaki palepale! Kumbe spika zilikuwa nyuma yetu: maiki inadaka sauti ya spika, inairudisha kwenye amplifaya, inazunguka hivyo hadi inapiga kelele. Tukazisogeza mbele ya maiki, zikitazama watu. Amplifaya ya gitaa tukaipandisha juu ya kreti, ielekee masikio ya mpiga gitaa mwenyewe. Akaipunguza bila kuombwa. Jumamosi iliyofuata tulilipwa pesa. Na soda.