Punguzo la Mteja Asiyehama

Leo nimepunguziwa bei ya king'amuzi. Si punguzo la kutangazia watu, lakini lipo, limeandikwa kwenye barua pepe, na litadumu mpaka mkataba huu mpya utakapokwisha. Nilidhani ningefurahi zaidi. Jioni yote najiuliza kwa nini nilichokipata baada ya mvutano wameamua kukiita zawadi ya uaminifu, ilhali miaka yote niliyolipa kimya kimya, kabla hata tarehe haijafika, hakuna aliyenizawadia kitu.

Kilichonichokoza ni tangazo. Kampuni ileile ninayoilipa inawaita wateja wapya: king'amuzi bure, fundi bure, miezi ya mwanzo nusu bei, kwa kifurushi kilekile nilicho nacho mimi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hawa, mgeni akija mwenyeji ndiye anayemlipia karamu.

Hasira ikipoa, hesabu yao naielewa. Mteja mpya ni gharama: kuna tangazo lenyewe, kamisheni ya wakala, kifaa, na fundi wa kupanda juu ya paa. Fedha hizo haziwezi kurudi ndani ya mwezi mmoja. Hurudi polepole kupitia mtu aliyekwisha kuzoea, ambaye bei ikipanda anaguna kidogo kisha analipa. Mtu huyo ni mimi. Na kuna jambo jingine la biashara hii ambalo huwa nalisahau: mawimbi ya setilaiti hayapungui kwa sababu yameingia na nyumbani kwangu. Kumrushia mtu mmoja zaidi matangazo ni kama bure. Wenye chaneli baadhi hulipwa kwa idadi ya wateja, kwa hiyo si bure kabisa, lakini nafasi ya kupunguza ipo. Nikiondoka wanapoteza malipo yangu yote, nikibaki kwa bei ya chini wanapoteza kipande tu.

Sisemi hawana mizigo. Mpira peke yake ni balaa. Desemba 2023 Ligi Kuu ya England iliuza haki za kuonyesha mechi zake ndani ya Uingereza tu, kwa misimu minne kuanzia 2025/26, kwa pauni bilioni 6.7. Fedha ya namna hiyo haitoki mfukoni mwa mkurugenzi, inatoka kwa mtazamaji. Ninachouliza ni mtazamaji yupi. Kama bei ya kifurushi kimoja inatofautiana kati ya nyumba na nyumba, basi kuna nyumba zinazobeba zaidi, na nina hakika si zile zenye watu wasumbufu.

Kila niliyemwambia nataka kupiga simu alinipa ushauri uleule: waambie unahamia kwa wapinzani wao. Sikuupenda. Kwanza, kijana wa kule amesikia uongo huo tangu asubuhi, anaujua hata kwa pumzi. Pili, wako wanaojibiwa kwa upole, "Sawa, nimekusitishia," na hapo ama ukubali kukaa bila televisheni ama uanze kurudi nyuma mbele ya mtu uliyemtisha dakika moja iliyopita. Mimi niliona heri niende na jambo la kweli. Kwa hiyo kabla ya kupiga nilikaa nikaorodhesha tunachotazama hasa. Habari. Katuni za watoto. Mpira wa mume wangu, na tamthilia moja ambayo naweza kuitazama kwenye simu. Mamia ya chaneli, na sisi tunazunguka kwenye kona moja. Nikamuuliza mume wangu, je, tukishuka kifurushi, utaumia? Akafikiri sana kuliko anavyofikiri mambo mengi, akasema ataumia lakini hatakufa. Basi nikawa na neno la kusema ambalo si tishio la bandia.

Ukipiga simu zao, mashine inakupa njia: kununua, kulipa, tatizo la kiufundi, kusitisha huduma. Hakuna njia ya mtu anayetaka kubaki ila kwa bei ya haki. Nikachagua kusitisha, maana ndiko wanakokaa wenye mamlaka ya kugusa bei. Dada wa kwanza alinipokea kwa adabu zote na kuniambia mfumo haumruhusu. Namwamini. Wale wa mstari wa mbele hawapewi punguzo la kugawa, wamepewa maneno tu. Ukimgombeza unamwonea. Nilimwomba anihamishie kwa anayeruhusiwa, akanihamishia.

Huyu wa pili alikuwa kijana mwenye sauti ya furaha.

"Mama, naona umekuwa nasi kwa muda mrefu sana. Tunakushukuru mno."

"Asante, mwanangu. Sasa shukrani hiyo tuitie bei."

Akacheka kweli, si kile kicheko cha kazini. Baada ya hapo tulielewana.

Zawadi ya kwanza ilikuwa chaneli za filamu, miezi mitatu bure. Nikakataa. Kitu cha bure cha namna hiyo kina mlango mmoja wa kuingilia: miezi ikiisha, usipokumbuka kukiondoa mwenyewe, kinaingia kwenye bili. Halafu mimi nalalamikia bei, yeye ananiongezea chaneli. Nikamweleza kwamba nataka kushushwa kifurushi, na kwa nini. Akasema ngoja nitazame. Akarudi na punguzo la miezi michache. Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema bei inarudi ya kawaida. Nikanyamaza.

Kunyamaza huko sikukupanga, nilikuwa nawaza tu. Lakini upande wa pili nilisikia vidole vikigonga kibodi. Watu wa kitengo hiki hupimwa kwa wateja waliowazuia wasiondoke, na mteja anayetaka kushuka bila kelele anatisha kuliko anayefoka, kwa sababu anayefoka bado anataka kitu. Likaja punguzo la tatu, la mkataba mzima. Kumbe lilikuwepo tangu mwanzo, limewekwa chini kabisa ya ngazi.

Sikukubali papo hapo. Nilimuuliza mkataba unaisha tarehe gani, bei itakuwa ngapi siku inayofuata, kama wanaweza kuipandisha katikati, na nikitaka kutoka mapema nitadaiwa nini. La katikati ndilo lililomfanya asitesite. Inaruhusiwa, akasema, ila kwa mteja wa punguzo mara nyingi hawafanyi. Nikamwambia "mara nyingi" haimo kwenye mkataba, aniandikie. Aliniandikia kwamba bei haitabadilika kabla ya tarehe ya mwisho, na nilibaki kwenye simu mpaka barua pepe ilipoingia. Kwangu mimi ushindi wa leo ni huo zaidi ya ile bei yenyewe. Punguzo lisilo na tarehe ni ahadi ya mdomo.

Baada ya kula nimesoma wenzetu wanavyolishughulikia jambo hili. Uingereza, Septemba 2018, shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani kuhusu wateja wanaotozwa zaidi kwa sababu tu hawahami. Walitazama simu, intaneti, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba, wakakadiria hasara ya pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Tangu Februari 2020 mdhibiti wao, Ofcom, anazilazimisha kampuni za simu, intaneti na televisheni ya kulipia zimwarifu mteja kati ya siku 10 na 40 kabla mkataba haujaisha, na zimwonyeshe bei wanazopewa wateja wapya. Kwa bima ya nyumba na ya gari walikwenda mbali zaidi: kuanzia Januari 1, 2022 anayehuisha bima hatakiwi kutajiwa bei kubwa kuliko ile ambayo angetajiwa kama mteja mpya. Nimeisoma mara mbili hiyo. Ina maana inawezekana. Bima hazijafa, kampuni hazijafungwa. Televisheni wameiachia taarifa tu: unaambiwa kwamba mwenzako analipa kidogo, kisha kazi ya kupiga simu ni yako.

Hiyo kazi ndiyo inayonisumbua. Mimi nina sauti, nina muda jioni, na kubishana kidogo hakuninyimi usingizi. Shangazi yangu yuko na kampuni hiyohiyo tangu kabla yangu. Analipa bei kamili, kifurushi kikubwa, na anatazama chaneli ya dini na taarifa ya habari. Nikijumlisha mambo yote, punguzo langu la leo linatoka mahali fulani, na mahali hapo panafanana sana na sebule ya shangazi.

Nikampigia. Nilipomweleza akashangaa kwamba bei ya televisheni inapatanwa. Kisha akakataa. Alisema yeye hajawahi kuomba omba, na kwamba bei akishatajiwa analipa au anaacha, hasimami mlangoni kwa watu kulia njaa. Nikamwambia, shangazi, si kuomba. Hizo ni fedha zako, wao ndio waliokuja kwako. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nitamsemea mimi. Nikamwambia watataka kwanza kusikia sauti ya mwenye akaunti, atataja jina na namba yake, atawaambia ameniruhusu, kisha nitaendelea mimi naye akisikiliza kwa spika. Jumamosi asubuhi, tumekubaliana, akishamaliza usafi.

Akaweka sharti moja. "Usiwaambie ninahama. Sihami mimi. Waambie ninalipa chaneli nyingi nami natazama mbili, halafu uwaulize wao wanaonaje."

Nimeiandika hivyohivyo alivyosema. Ndiyo nitakayoanza nayo.