Wageni wawili kutoka Pemba

Sikio la kushoto la Mize lina pengo, na pengo hilo ni langu. Miaka miwili iliyopita nilimnunua nikamtia moja kwa moja kwenye tundu la Chiku, nikidhani simbilisi wote wanapendana. Chiku alimrarua sikio kabla sijafunga kilango.

Kwa hiyo mwezi uliopita, mjomba alipopanda boti ya asubuhi Mkoani akaniletea wawili wengine ndani ya boksi la tambi lililotobolewa kwa kisu, niliapa safari hii sitofanya pupa. Watoto walishawapa majina hata sijalifungua boksi: Tende na Kashata.

Wiki mbili za mwanzo walikaa stoo, mbali na wenyeji. Simbilisi mgeni anaweza kuja na utitiri au mafua usiyoyaona. Nikishawashika hao wadogo, nanawa kwa sabuni ndio naenda kwa wakubwa. Daktari wa mifugo aliwageuza mmoja mmoja akanihakikishia wote majike. Hilo usibahatishe. Jike akishapita miezi saba hivi bila kuzaa, mifupa ya nyonga inakuwa imekaza, na mimba inaweza kumuua. Chiku na Mize hawajawahi kuzaa.

Baada ya hapo nilichana kipande cha khanga kuukuu nikakipasua vipande viwili, kimoja wakilalie wageni, kimoja wenyeji. Kila baada ya siku moja navibadilisha, cha huku kwenda kule, ili wazoeane harufu. Siku ya kwanza Chiku alikinusa akakikojolea. Baada ya siku kumi akawa anakilalia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Nilitandika mkeka ukumbini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga, nikamwaga lundo la nyasi mbichi katikati na vipande vya pilipili boga. Mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, kama sisi tu, na hawa wangu pilipili boga huikimbilia mbio.

Dakika mbili za kwanza walikula. Kisha Chiku akaanza. Alitoa mngurumo wa chini, kama simu inayotetemeka juu ya meza, huku anatembea polepole na kuyumbisha nyuma. Tende hakukimbia. Wakasimama pua kwa pua, kila mmoja ananyanyua kidevu kumzidi mwenzake, na meno yakaanza kugongana: tatata, tatata. Mkono wangu ulikuwa kwenye taulo.

"Dada, watenganishe, watauana!" mdogo wangu akapiga kelele kutoka mlangoni.

Sikuwatenganisha. Kupandana, kufukuzana, kung'oana nywele mbili tatu, yote hayo ni kuulizana nani mkubwa hapa, na ukiwakatisha kesho wataanza upya. Cha kuingilia ni damu, au wawili wakigeuka mpira mmoja unaobingirika. Hapo unatupa taulo juu yao. Mkono mtupu utaumwa vibaya. Nilikaa pale mkekani saa mbili nzima, moyo unanidunda, na Kashata anapiga mayowe kila akitazamwa tu, hajaguswa. Tende ndiye aliyeshusha kidevu kwanza. Alipogeuka kwenda kwenye nyasi, Chiku hakumfuata.

Tundu nilikuwa nimelisugua kwa siki na kubadilisha kila kitu mahali pake, wenyeji wasilitambue kuwa lao. Vyumba vya kujificha viliongezwa vikawa vinne, kila kimoja na milango miwili, maana chumba cha mlango mmoja ni mtego kwa mnyonge. Bakuli mbili, chupa mbili za maji, huku na huku.

Usiku ule sikulala vizuri. Kabla ya alfajiri nilikwenda na tochi. Kashata alikuwa amejibanza ubavuni kwa Mize, pua yake chini ya lile sikio lenye pengo, na Mize amemwacha. Mashaallah, nilikaa chini nikalia.

Chiku bado hajalegea. Kila asubuhi anamtimua Tende kwenye pilipili boga. Tende anakwenda kona, anangoja, halafu anarudi taratibu na kuuvuta upande wa pili wa kipande kile kile ambacho Chiku anakitafuna.