Kabla ya saa tano usiku

Wakati wa baridi kule Ulaya, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku kwa saa zetu. Mwishoni mwa Machi wakisogeza saa zao mbele, tunapata nafuu: saa nne. Ila jioni yenyewe haianzi na kipenga. Inaanza timu zikiwa zimepanga mstari na ule wimbo ukifunguka.

Wimbo huo mtunzi Mwingereza Tony Britten aliagizwa na UEFA mwaka 1992, naye akaenda kuchota kwa mtunzi wa kale, Handel, kwenye wimbo wake wa kwaya Zadok the Priest, uliotungwa kwa kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza, Oktoba 1727. Sikiliza kwanza ule wa Handel. Fidla zinapanda taratibu, zinapanda tena, na hakuna anayeimba. Dakika moja na zaidi unangoja tu, halafu kwaya nzima inakulipukia kwa mpigo mmoja. Utamu wote uko kwenye kungoja kule. Britten alibakiza fidla akafupisha kungoja, na sawa tu, maana kamera ina sura 22 za kupitia basi. Kiitikio kina Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, lugha rasmi za UEFA, ndiyo maana kibanda umiza kizima hung'ong'a hadi maneno mawili ya mwisho, "The champions", hapo sasa kila mtu anakuwa mwanakwaya.

Kinachoharibu uhondo ni jirani kushangilia goli ambalo kwako bado ni mpira wa kurusha. Dishi huchelewa sekunde chache tu nyuma ya uwanja. Kwa intaneti, picha hukatwa vipande, vipande vinapakiwa, na simu hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza. Nusu dakika imekwenda. Kupunguza ubora wa picha husaidia isikwame. Kuchelewa kunabaki palepale. Kama huna dishi, zima arifa za magoli kwenye simu, na uombe jirani naye awe anatumia bando.

Ukiagiza bia, mhudumu atauliza: "Moto au baridi?" Kwa laga, baridi, lakini si ya kuganda: nyuzi 4 hadi 7 zinatosha. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani iko kama 18 chini. Chupa ikisahaulika humo, maji yanatanuka, inapasuka. Ikiponea chupuchupu, ukiifungua inageuka theluji mbele yako. Njia salama ni ndoo: barafu, maji hadi shingo ya chupa, na konzi mbili za chumvi. Wengi huweka barafu peke yake, ikagusa chupa kwenye pembe tu. Maji ndiyo yanayoizunguka chupa na kunyonya joto, kwa hiyo robo saa inatosha.

Ukipewa chupa ya kijani iliyokaa kaunta penye jua, rudisha. Mwanga ukipiga zile kemikali za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hutoa harufu ya kicheche, na kioo cha kijani hakizuii kama cha kahawia. Povu likifa mapema, usimlaumu mhudumu kabla hujaangalia midomo yako. Mafuta ya nyama choma yanaliua.

Uchungu kwenye pombe, kwa taarifa yako, hatukuletewa na meli. Sheria ya bia ya Bavaria, Ujerumani, ya 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Wachagga wana ulezi, ndizi na gome chungu la mti wa msesewe. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kimea cha ulezi hupikwa uji, vikakutanishwa. Kesho yake ni mbege. Ukichelewa kuinywa, inaelekea kwenye siki.

Sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, yaani cigar, ndiyo yenye masharti zaidi, hasa Pwani. Inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Dar hupita hapo mara nyingi, ikavimba, jani la nje likapasuka, kuvu ikafuata. Joto likizidi nyuzi 24 hivi, mayai ya kidudu cha tumbaku huanguliwa na unakuta vitundu kama vya pini. Ifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, friza siku tatu, friji siku moja, ndipo itoke. Ukiruka friji, jani linachanika. Baada ya hapo ikae kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu.

Kata milimita 2 tu za kichwa, upande wa mdomoni. Ukivuka mstari wa kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa, jani la nje linaanza kufunguka mdomoni. Washa kwa gesi au kiberiti kilichokwisha kuunguza baruti yake, kwa sababu petroli huacha ladha. Moto usiguse tumbaku. Uzungushe ncha juu yake hadi ukingo wote uwe mwekundu. Ukiharakisha upande mmoja, itaungua kama mtumbwi. Vuta mara moja kwa dakika, moshi uishie mdomoni. Na iwe nje, maana kibandani watakutoa na kiti chako.

Ya inchi 5 huchukua dakika 45 hadi 60. Ukiiwasha fidla zinapoanza, unafika nayo mapumziko. Usiikandamize kama sigara ya kawaida, itanuka hadi asubuhi. Ilaze kwenye kisahani, itazimika yenyewe.