Hatimaye nimeiona 61 Cygni

Wadau, juzi nilikuwa kijijini huko Singida, umeme umekata toka magharibi na mwezi hakuna, nikasema leo ndo leo. Kuna nyota naiwinda toka mwaka jana inaitwa 61 Cygni, mjini huioni hata ufanyeje, taa zimezidi.

Kama na wewe unaitaka, mwanzoni mwa Oktoba saa tatu usiku geukia kaskazini utafute Deneb, hiyo haijifichi. Juu yake kwa kushoto kuna Sadr, halafu juu zaidi Aljanah, hizo tatu zichukulie kama kona za kishada, kona ya nne kule kulia ndo yenyewe. Ni kadoa tu, ukikakodolea macho kanapotea, angalia pembeni kidogo kanarudi.

Sasa kinachonichanganya ni hiki, Deneb inayowaka vile iko zaidi ya miaka elfu moja ya nuru, haka kadoa kako miaka 11.4 tu! Yaani mwanga niliouona ulianza safari wakati huyu mdogo wangu wa darasa la tano ndo anazaliwa. Ni jirani kabisa ila mnyonge.

Na aliyeujua ujirani huo ni Bessel, mwanaastronomia Mjerumani aliyeanza kama mwanagenzi kwenye kampuni ya biashara kule Bremen, chuo kikuu hakusoma (nampenda bure huyu mzee). Wenzake walikuwa wanapima zile zinazong'aa, yeye akaenda na hii kwa sababu inakimbia, Piazzi, mwanaastronomia Mwitaliano, alishaona kabla yake kwamba inahama kuliko nyota nyingine, kama miaka 350 hivi inakuwa imesogea upana wa mwezi mzima, na kinachoonekana kukimbia huenda kiko karibu. Dunia ikizunguka jua nyota ya karibu inacheza kidogo, kama kidole chako ukifumba jicho moja kisha lingine. Mwaka 1838 akatoa jibu la huko kucheza, sekunde 0.314 za nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600), ni sawa na kuiona sarafu ya sentimita 2 na nusu ukiwa kilomita 16! Leo wanasema 0.286, sasa kwa vyombo vya wakati ule unamlaumu vipi.

Halafu sio moja, ziko mbili zinazungukana, mzunguko mmoja unakula zaidi ya miaka 600. Kubwa ina uzito kama 0.7 ya jua letu, ndogo 0.63, joto la nyuso zake kama kelvini 4,500 na 4,100 wakati jua lina 5,772, ndo maana zina rangi ya chungwa. Mwanga wa ile kubwa haufiki hata moja ya tano ya jua.

Nilikuwa na darubini ya mikono miwili ya 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50), mikono ikawa inatetemeka mpaka nikaegemeza viwiko kwenye ukuta wa zizi, hapo ndo doa likagawanyika, vichungwa viwili vimekaa karibu karibu. Baba mdogo akatoka na tochi, akanimulika usoni, "We unachungulia ng'ombe za watu usiku huu?" Macho yakaharibika, ikabidi nianze upya kuzoea giza.