Nyumba mpya juu ya msingi wa zamani: kazi yetu ya Nguba, Bukavu

Nyumba ya kwanza kwenye parseli ile, yaani kiwanja tulichojenga, ilikuwa ya enzi za Wabelgiji: kuta nene za matofali ya kuchoma, paa la vigae. Ilipobomolewa, warithi walikuwa wameshakubaliana na mafundi masoni kung'oa hata mawe ya chini na kuchimba upya. Nilipoitwa kusimamia kazi, niliomba kwanza msingi usiguswe mpaka niupime.

Sababu yangu kubwa ilikuwa saruji. Ili ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa (gesi inayoongeza joto duniani) inayotoka pale haitokani na moto bali na jiwe lenyewe linapobadilika. Hata tanuru likipata nishati safi kabisa, hiyo nusu ingali inatoka. Duniani kote saruji peke yake huchangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa hiyo saruji ambayo haikununuliwa kabisa ndiyo iliyo safi kuliko zote.

Mkubwa wa warithi hakupenda. “Injinia, watu watasema watoto wa marehemu wamekosa pesa ya msingi.” Nilimjibu, “Mama, naomba tuchimbe kwanza tuone. Ukiwa mbovu, nitakuwa wa kwanza kusema ung'olewe.”

Tulichimba mashimo membamba pembeni mwa msingi, kwenye kona na pale kuta za ndani zinapokutana, tukiyafukia moja baada ya jingine ili udongo usilegee. Mlimani hapa kwetu, mfereji mrefu ulioachwa wazi wakati wa mvua ni kualika maporomoko. Hilo nalo lilikuwa faida ya kutochimba upya, na kwa Bukavu naliona kubwa sawa na faida ya hewa. Katika kila shimo nilipima upana na kina, nikagonga mawe kwa nyundo kusikiliza mlio, nikakwaruza chokaa ya katikati, ule mchanganyiko unaoshikanisha mawe, kwa msumari. Karibu kote ilikuwa ngumu, msumari uliacha alama tu. Upana sentimita 60, kina karibu mita moja.

Kilichonipa moyo zaidi ni udongo wenyewe. Ardhi iliyobeba nyumba nzito kwa miaka mingi imeshashindiliwa. Ukiiwekea mzigo usiozidi ule wa zamani, haizami tena kwa kiasi cha kutisha. Basi nilihesabu uzito: kuta za zamani na vigae upande mmoja, bloku zenye matundu na mabati upande mwingine. Nyumba mpya ilikuwa nyepesi. Ila warithi walitaka na ghorofa, na hapo nilikataa. Hesabu haikuruhusu, na Bukavu haijasahau tetemeko la Februari 3, 2008. Tulichora upya kuta zote zikae juu ya mistari ya zamani, hata kama chumba kimoja kilibaki kidogo kuliko walivyotaka.

Kona ya chini, upande wa ziwa, ilikuwa na ufa. Maji ya paa yalikuwa yakimwagika hapo miaka na miaka. Hatukuing'oa. Tulichimba chini yake kipande cha mita moja, tukajenga mawe na zege mpaka vikashika, ndipo tukaruka kwenda kipande kingine, bila kuacha vipande viwili jirani wazi kwa wakati mmoja. Fundi mkuu, mzee aliyejenga nusu ya mtaa ule, alisimamia hatua hiyo mwenyewe. Kisha tulipeleka maji mbali kwa mfereji wa zege. Bila mfereji, ukarabati wa kona ungekuwa bure.

Juu ya msingi wote tulimwaga mkanda wa zege wenye nondo ili kuufunga pamoja. Mkanda huo ungehitajika hata kwa msingi mpya, kwa hiyo siuhesabu kuwa hasara. Tulichookoa ni mita 52 za mawe yaliyojengwa, kama mita za ujazo 31. Theluthi moja hivi ya ujazo huo ni chokaa ya saruji. Kwa kilo 300 za saruji kila mita ya ujazo ya chokaa, ni tani 3 hivi za saruji, mifuko 60 ya kilo 50. Tani moja ya saruji ya kawaida huacha kati ya kilo 600 na 900 za hewa ya ukaa. Tukitoa saruji kidogo tuliyotumia kwenye kona na mfereji, bado tunakaribia tani 2 za hewa ya ukaa, kabla ya kuhesabu malori ya mawe na mchanga.

Tulipomaliza nilimkabidhi Mama michoro: kina cha kila shimo, mahali pa kona iliyotengenezwa, njia ya mfereji, na uzito wa juu ambao msingi ule unaruhusiwa kubeba. Aliiweka pamoja na hati za parseli.